Naogopa tutampoteza shemeji kwa sababu ya deni la chama

Shangazi, salamu kutoka Khwisero.

Mimi ni mama wa watoto watatu na mweka hazina wa chama cha akina mama hapa kijijini. Tunakutana kila Jumamosi, tunaweka akiba na kukopeshana kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kisha Desemba tunafungua kisanduku na kugawana. Chama hiki kimenisaidia kusomesha mtoto, sina ubaya nacho.

Mwaka jana mke wa shemeji yangu, yaani ndugu mdogo wa mume wangu, alikopa kwetu shilingi 30,000 ili mumewe aongezee malipo ya kwanza ya pikipiki. Mimi ndiye niliyemdhamini. Mambo yalikwenda vizuri kwa muda, kisha shemeji akaanguka akavunjika mguu. Alipokaa nyumbani malipo ya pikipiki yakalala, wenye pikipiki wakaja kuichukua mbele ya wenzake wa steji ya bodaboda. Akaanza kukopa kwa simu ili azibe hapa na pale. Sasa wale wa mikopo ya simu wanawapigia watu walio kwenye simu yake, hata katekista wetu amepigiwa. Kwa chama hawajalipa kitu kwa miezi mitano, na deni limefika 45,000.

Katiba yetu inasema mtu akipitisha miezi mitatu, wanachama wanakwenda kwake kubeba vitu. Sijui kama umewahi kuona, Shangazi. Mwezi wa tatu tulikwenda kwa mama mmoja. Tulibeba sofa, meza, mtungi wa gesi na masufuria, mwenzetu mmoja akafungua hata kabati akatoa vikombe. Watoto walisimama mlangoni wakiwa na sare za shule. Majirani walijaa njiani, wengine wakipiga picha, nami nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari.

Jumamosi ijayo ni zamu ya nyumba ya shemeji.

Shemeji haendi tena steji hata kusalimia. Mkewe anasema halali, anafungua mlango usiku wa manane na kwenda kukaa karibu na zizi la ng'ombe. Hakuwa mtu wa pombe, lakini siku hizi anakunywa chang'aa. Juzi alimpa kijana wangu redio yake, ile aliyokuwa haimpi mtu aishike, akasema yeye haihitaji tena. Amekwenda kwa mzee wa kijiji kuomba mpaka wa shamba lake uwekwe wazi ili wanawe wasisumbuliwe. Na siku moja tukichambua maharagwe akamtaja rafiki yake aliyejiua mwaka jana, akasema, "Yule angalau amepumzika."

Huyo rafiki alizikwa usiku, kando ya mpaka, bila misa wala hotuba. Wazee walisema ndivyo mila inavyotaka. Mpaka leo jina lake halitajwi, na mjane wake akifika kisimani watu wananyamaza.

Nikimwuliza shemeji, si nitakuwa nimemtia wazo? Nikimwambia chifu, nasikia mtu wa namna hiyo hukamatwa na polisi. Mume wangu yuko Nairobi kwa kazi ya mjengo, na nikimpigia anasema mwanamume hujikaza kisabuni. Nikiwazuia wanachama watasema nalinda jamaa yangu. Nifanye nini?

Mweka hazina, Khwisero

*

Mwanangu,

Siku barua yako iliponifikia nilikupigia, kwa sababu jambo hili haliwezi kungoja zamu ya safu hii. Ulikubali kwenda kwa shemeji siku ile ile kabla ya giza kuingia, na ukaniruhusu niichapishe barua yako. Nayarudia hapa tuliyozungumza na kuongeza yale ambayo simu haikutosha, maana ziko nyumba nyingi kuanzia Butere hadi Busia zinazoishi na hofu kama yako bila kuitamka.

Umeona sawasawa. Mtu kugawa kitu anachokipenda, kutengeneza mambo ya shamba kwa ajili ya wanawe, kukosa usingizi, kuanza pombe, kuwakimbia wenzake, kumwonea wivu aliyekufa: moja likija peke yake linaweza kuwa na maana nyingine. Yakija yote pamoja, tena baada ya kupoteza kazi na rafiki, usingoje ishara nyingine. Na usiniambie ni deni tu. Wako watu wengi wenye madeni makubwa kuliko hilo na wanaamka asubuhi. Shemeji amevunjika mguu, amepoteza pikipiki, heshima ya steji na rafiki ambaye hakuruhusiwa hata kumlilia hadharani, na juu ya hayo ameweka chang'aa, ambayo humwondolea mtu breki wakati anapozihitaji zaidi.

Kuhusu kumwuliza. Hofu ya kumtia mtu wazo ndiyo inayonyamazisha vijiji vizima, na haina msingi. Wataalamu wa afya ya akili wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: kumwuliza mtu waziwazi hakumsukumi kujiua. Mara nyingi anapata ahueni, kwa kuwa hatimaye kuna mtu anayejua. Basi uliza, na utumie neno lenyewe. Ukisema, "Wewe huwezi kufanya ujinga, sivyo?" umeshamwambia jibu unalotaka kusikia, naye atakupa hilo hilo. Ninyi ni shemeji na shemeji, mmezoea kutaniana, lakini siku hiyo wekeni utani kando. Kaeni mahali pasipo na watoto, hata kama ni pale pale kwenye maharagwe. Mwambie ulichokiona: "Shemeji, ulimpa kijana redio, hulali usiku, na ulisema mwenzako amepumzika. Umekuwa ukifikiria kujiua?" Kisha nyamaza. Kimya kikirefuka usikijaze kwa mahubiri. Usimwambie wapo wenye shida kuliko yeye, usimtajie dhambi, wala usimkumbushe watoto kana kwamba amewasahau. Huenda usiku kucha anawawaza hao watoto na kujiambia kwamba bila yeye watakuwa na nafuu. Hilo analiamini kwa dhati, na halibadiliki kwa kukemewa.

Akikuambia ndiyo, usiape kumtunzia siri. Mwambie wazi kwamba utamhusisha mke wake na mtu mmoja zaidi anayemwamini, na umwulize yeye mwenyewe huyo mtu awe nani. Pengine ni mwenzake wa steji, pengine mjomba. Usiku huo na siku zinazofuata asikae peke yake. Na dawa za shambani na za mifugo zitoke nyumbani kwake leo, ziende kwenye nyumba nyingine na zifungiwe huko, pamoja na chochote ambacho yeye mwenyewe ametaja. Mtu anaweza kusema hilo ni bure, kwamba aliyeamua ameamua. Si kweli. Wimbi la kutaka kufa huja likapita, mara nyingi kwa muda mfupi, na mtu akikosa cha kujidhuru wakati huo, wengi wao huendelea kuishi. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi, moja baada ya nyingine, na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha watu kujiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70. Wakulima waliendelea kulima na mazao hayakuanguka. Sisi wa magharibi huku, ambapo karibu kila nyumba ina chupa ya dawa ya mahindi nyuma ya mlango, tungefaa kulisikia hilo.

Kesho yake asubuhi nendeni kituo cha afya. Mpigie mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu, yule anayewatembelea nyumbani na begi lake. Ni kazi yake na atajua waende wapi. Akiwa amejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, huduma ya zahanati na ya kituo cha afya haimdai mchango kwanza. Wakihitaji kumpeleka mbele, hospitali kuu ya kaunti pale Kakamega ina kitengo cha afya ya akili. Mguu usioponya vizuri nao utajwe kwa daktari, maana maumivu ya kila siku na kukosa usingizi vinamla mtu. Usiku hali ikiwa mbaya, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozwi pesa, na Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Unaweza kupiga wewe mwenyewe kuuliza ufanye nini; si lazima apige yeye.

Polisi wasikutishe. Ni kweli kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu pamoja na madaktari wa afya ya akili. Tena shemeji yako hajafanya lolote, amechoka tu. Akitokea askari au chifu anayetumia kitisho hicho, mtajieni tarehe hiyo.

Sasa chama, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo ulipo na uwezo ambao daktari hana.

Kwanza ahirisheni Jumamosi. Usingoje mkutano, mwone mwenyekiti faraghani, mapema. Huna haja ya kumtoa shemeji siri. Mwambie, "Nyumba ile ina mgonjwa, hatuwezi kuingia." Na ni kweli. Hakuna mwanamke wa Khwisero asiyejua maana ya hayo maneno, na mwenye kuuliza mgonjwa wa nini mwambie wa mguu, maana mguu nao ni mgonjwa.

Kisha fungua daftari lako. Kati ya hizo 45,000, 15,000 ni riba: 3,000 kila mwezi kwa miezi mitano, wakati mwenye kulipa amelala na plasta mguuni. Chama kina mamlaka ya kusimamisha riba wakati wa ugonjwa, na ninyi wenyewe ndio mlioiweka. Angalia pia hisa za mke wake. Amekuwa akiweka akiba Jumamosi baada ya Jumamosi, na pesa hizo zimo ndani ya kisanduku hicho hicho. Desemba zikikatwa kutoka mgao wake, deni la msingi linaweza kupungua sana bila mtu kugusa kijiko. Kitakachobaki mwandikieni upya, kiasi ambacho nyumba yenye kipato cha mke peke yake inakiweza. Na kama mna mfuko wa jamii, ule mnaotoa wakati wa msiba na ugonjwa, huu ndio wakati wake. Mbona mfuko huo hufunguka haraka mtu akishakufa?

Najua wanachama wengine nao wana karo, na pesa za kisanduku si za kuchezea. Hakuna anayesema deni lifutwe. Lakini waulizeni waliokwenda mwezi wa tatu: ile sofa iliuzwa kwa kiasi gani? Vitu vinavyobebwa namna hiyo hununuliwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi na wanachama wenyewe, na deni hubaki. Kinachobebwa kikaisha kabisa ni uso wa mtu. Watoto wale wa mlangoni walikwenda shule kesho yake na wenzao walishaziona picha. Mimi naona desturi hii ni ukatili, hata ikiwa imeandikwa kwenye katiba na kupigiwa muhuri. Isitoshe, kuingia nyumba ya mtu na kubeba mali yake bila ridhaa yake wala amri ya mahakama kunaweza kuwafikisha ninyi kortini. Penye mkutano usiombe huruma kwa ajili ya jamaa yako. Pendekeza kifungu kibadilishwe kwa kila mtu: riba isimame mtu akiugua, deni lizungumzwe na watu watatu nyumbani bila umati, hisa zikatwe kwanza, na picha zisipigwe kamwe. Ukilileta hivyo hutakuwa umemlinda shemeji peke yake. Na yule mama wa mwezi wa tatu, mwende mkamwone. Naye sijui analalaje.

Wale wa mikopo ya simu wana sheria yao. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kumtisha au kumtukana mdaiwa, na kuwapigia au kuwaandikia watu waliomo kwenye simu yake. Katekista ahifadhi ile nambari na saa aliyopigiwa. Mke wa shemeji anaweza kulalamika Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na kijana yeyote anayejua simu anaweza kumsaidia kuandika. Kwa sasa simu ya shemeji ishikwe na mke wake, kwa makubaliano, ili apate siku chache bila kengele za vitisho.

Mume wako nitamsema kwa ufupi. Mpigie tena, usimwombe ushauri, mpe kazi. "Ndugu yako anafikiria kujiua. Mpigie kila jioni saa moja, mwulize habari za mguu." Wanaume wetu wengi wanashindwa na maneno makubwa, lakini wakipewa jambo la kufanya wanalifanya. Nchini kwetu wanaume ndio wanaokufa zaidi kwa njia hii, na hilo la kujikaza kisabuni lina sehemu yake.

Labda unajiambia hujasomea haya. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliona wagonjwa ni wengi na madaktari ni wachache mno, akawafunza kina nyanya wa Harare kukaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza shida zao moja moja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na nyanya hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida peke yake. Jumuiya ndogo ndogo yenu ina kina mama wa aina hiyo. Wawili wakipita kwa shemeji kila wiki na kukaa, bila Biblia mkononi mara ya kwanza, wamefanya kazi kubwa.

Sasa rafiki yake. Wazee waliomzika usiku hawakuwa na nia mbaya. Mila ile ilitaka kuwatisha walio hai ili mwingine asifuate. Lakini tazama ilichofanya. Shemeji aliona jinsi kijiji kinavyomfanyia mtu aliyeteseka, akajifunza kuficha. Na kwa kuwa mnasali Kanisa Katoliki, mwambieni katekista afungue Katekisimu iliyotolewa 1992, nambari 2282 na 2283. Inasema uchungu mkubwa na matatizo mazito ya nafsi hupunguza uwajibikaji wa mtu, inatutaka tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua, na inasema Kanisa huwaombea. Padre akiombwa misa ya kumkumbuka marehemu ana msingi wa kuisoma. Iombeni, na jina litajwe wazi kwa sauti kanisani.

Mjane naye asiendelee kutembea peke yake. Waliofiwa kwa njia hii nao huwa hatarini, na kimya cha kisimani kinamwambia kila siku kwamba ana hatia. Nenda kwake na sukari yako kama unavyokwenda kwa mfiwa yeyote. Mtaje mumewe kwa jina, sema unalolikumbuka juu yake, alivyokuwa akiimba au akilima. Hutamtonesha kidonda ambacho hakuwa nacho. Huenda pia shemeji akataka kwenda nanyi. Yeye ndiye aliyempoteza rafiki, na hajapewa nafasi ya kulia.

Jambo moja zaidi. Siku chache baada ya mazungumzo mtu anaweza kuonekana ametulia ghafla, hata akacheka. Msiondoe macho. Walinzi wa usiku waendelee, dawa za shamba zisirudi, miadi ya kliniki ihudhuriwe na mtu akimsindikiza, hadi baada ya Desemba na karo za Januari. Nawe usibebe haya peke yako. Umedhamini mkopo, unalinda nyumba mbili, na mume yuko mbali. Mtafute mwanamke mmoja unayemwamini, mwambie yote.

Nambari yangu unayo. Nipigie Jumamosi mkutano ukiisha, wawe wamekubali au wamekataa.

Shangazi